Kadi Kabla ya Kura: Wanawake wa Tanganyika na Safari ya Siasa

Tarehe 7 Julai 1954 watu 17 walikutana Dar es Salaam wakaigeuza Tanganyika African Association kuwa chama cha siasa, TANU. Wote walikuwa wanaume. Kabla mwaka 1955 haujakwisha, chama hicho kilikuwa na wanachama wanawake wapatao 5,000. Kufikia Uhuru, jina la pekee lililofahamika nchi nzima sambamba na la Julius Nyerere lilikuwa la mwanamke aliyezaliwa Dar es Salaam katika familia ya Kimatumbi, ambaye elimu yake ya darasani ilikuwa ya miaka michache tu. Huyo ni Bibi Titi Mohamed.

Wanawake wale walipokata kadi, hapakuwa na kura ya kupiga. Hakuna mtu yeyote nchini, wa rangi yoyote, aliyekuwa amewahi kuchagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, kwa kuwa wajumbe wote waliteuliwa na gavana. Na uchaguzi ulipokuja, masharti ya kupiga kura yalitungwa kwa namna iliyowaacha nje wengi wa wale waliokuwa wamekibeba chama mabegani. Historia ya wanawake wa Tanganyika katika siasa inaanza hapo, kwenye nguvu iliyokuwapo kabla ya sanduku la kura. Tukiihesabu kwa idadi ya viti vya Bunge peke yake, tunaikata kichwa.

Swali la mgeni

Katikati ya mwaka 1955 John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam kukutana na viongozi wa TANU. Aliona wanaume. Akauliza: wanawake wenu wako wapi? Swali hilo liliwaweka viongozi katika hali ngumu, maana tawi la wanawake lilikuwa bado halijaundwa. Fikra ya kwanza ilikuwa kuwaita wake za viongozi wenyewe, hasa wa wale waliosoma. Haikufua dafu. Wengi wa wanawake hao hawakuwa tayari kujitokeza hadharani, na waume zao hawakuwa na haraka ya kuwatoa.

Ndipo wazee wa chama waliokuwa wenyeji wa mji wakamfikiria Titi. Schneider Plantan alikwenda kwanza kwa mume wake, Boi Selemani, kumwomba ruhusa, kama adabu ya mji ilivyotaka. Ruhusa ilitolewa. Titi hakuwa mgeni wa kusimama mbele ya watu: sauti yake ilijulikana kwenye Maulidi, na katika ngoma ya lelemama alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba. Lakini kuhutubia mkutano wa siasa ni jambo jingine, na hilo hakuwa amewahi kulifanya.

Julai 1955 tawi la wanawake likaanzishwa, Titi akiwa kiongozi wake na Tatu binti Mzee akiwa pamoja naye katika uongozi. Kazi ya kwanza waliyoifanya haikuwa kutoa matangazo wala kuandika barua. Walikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake mjini, mmoja baada ya mwingine, wakazungumza nao. Kiongozi wa ngoma akikubali, kikundi kizima kilikuja naye. Hiyo ndiyo siri ya ile hesabu ya 5,000. Chama cha wanaume kilikuwa kikitafuta mwanachama mmoja mmoja; wanawake walikuja wakiwa tayari wamejipanga.

Kilichokuwa ndani ya ngoma

Asiyeijua lelemama ya miji ya pwani ataiona kuwa burudani tu ya jioni. Vikundi hivyo vilikuwa jumuiya kamili. Vilikuwa na kiongozi, vyeo, sare, ada na mweka fedha. Mwanachama akifiwa, kikundi kilibeba msiba. Akioza binti, kikundi kilibeba harusi. Vilishindana kwa mavazi, kwa utunzi na kwa vijembe, na mashindano hayo yaliwafundisha wanawake jinsi ya kukusanya watu, kuchanga fedha, kutunza siri na kumjibu mpinzani mbele ya kadamnasi. Kwa miaka mingi mambo hayo yote yalifanyika machoni pa serikali ya kikoloni bila serikali hiyo kuona kwamba ilikuwa ikitazama shule ya siasa.

Watu wa makabila na mitaa tofauti walikutana humo. Katika Kariakoo, Ilala na Gerezani, Mzaramo, Mmanyema, Myao na Mngoni walicheza safu moja na kuimba kwa lugha moja, Kiswahili. TANU ilipokuja na hoja kwamba watu wa Tanganyika ni taifa moja, wanawake wa ngoma walikuwa wameishi hivyo kwa muda mrefu. Susan Geiger, mwanahistoria Mmarekani aliyekaa na wanawake hao miaka ya 1980 akachukua maisha yao kwa maneno yao wenyewe, alifikia hitimisho hilo hilo: hawakuletewa utaifa na wasomi wakaupokea, bali walikuwa miongoni mwa walioujenga.

Palikuwa na sababu nyingine, na ilihusu riziki. Waraka wa serikali uliwakataza watumishi wake kujiunga na chama cha siasa, na hivyo karani, mwalimu wa shule ya serikali na mganga msaidizi walilazimika kuchagua kati ya mshahara na kadi. Nyerere mwenyewe aliacha kufundisha Pugu mwezi Machi 1955. Wanawake wa mjini hawakuwa na mshahara wa kunyang'anywa. Waliuza maandazi, vitumbua na samaki wa kukaanga, walipika pombe, walisuka ukili, walishona, na waliobahatika kuwa na nyumba walipangisha vyumba. Wengi walikuwa watu wazima waliokwisha kulea, wengine wajane au walioachika, wenye kauli juu ya muda wao na senti zao. Bwana Shauri, ofisa wa serikali ya kikoloni wilayani, hakuwa na kazi ya kuwafukuza.

Basi wakaingia mitaani. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuza kadi. Mgeni wa chama akifika, wao ndio waliopika na kutafuta mahali pa kulala. Mkutano ukitangazwa, wao ndio walioujaza uwanja, kisha wakaimba ili watu wasitawanyike kabla ya hotuba. Ujumbe uliopaswa kufika haraka ulipita jikoni na kisimani. Sherehe za arusi na za unyago, ambazo hakuna askari aliyezitilia shaka, ziliwakutanisha wanawake walioweza kuzungumza mambo ya chama kwa utulivu. Baadhi yao walilipa gharama nyumbani, kwa ndoa zilizoyumba na nyingine zilizovunjika, kwa sababu mume alikuwa amekubali kadi bila kufikiri kwamba kadi ingemtoa mkewe nje usiku na kumpeleka safari za wiki nzima.

Titi akaanza kuzunguka nchi. Alisafiri na Nyerere na viongozi wengine majimboni, na kila walikokwenda yeye aliwatafuta wanawake wa mahali hapo. Mwaka 1957, serikali ilipomzuia Nyerere kuhutubia mikutano ya hadhara, sauti ya Titi haikuzuiwa, na watu waliendelea kwenda kumsikiliza. Hotuba zake zilikuwa za Kiswahili cha mjini, chenye mizaha, mafumbo na ukali wa mtu aliyezoea kushindana kwa maneno. Kwa mwanamke wa Lindi au Tabora aliyekuwa hajawahi kumwona mwanamke mwenzake jukwaani mbele ya wanaume, kule kusimama kwake kulikuwa hotuba ya kwanza kabla hajafungua kinywa.

Mlango mwembamba wa 1958

Kisha ukaja uchaguzi. Gavana Edward Twining alitaka nchi iendeshwe kwa kile kilichoitwa mseto wa rangi, yaani Waafrika, Waasia na Wazungu wawe na viti sawa, ingawa Waafrika walikuwa karibu watu wote katika nchi yenye wakazi wanaokaribia milioni 9. Kila mpigakura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Asipofanya hivyo kura yake iliharibika. Mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 ulibishana vikali kama chama kishiriki au kisusie. Ulipoamua kushiriki, Zuberi Mtemvu alijitoa akaunda chama chake, African National Congress.

Historia imeukumbuka mkutano wa Tabora kwa sababu ya rangi. Ni vizuri pia tuukumbuke kwa sababu ya masharti ya mpigakura. Ili kuandikishwa, mtu alipaswa kuwa na umri wa miaka 21 na zaidi, na pia awe amefika darasa la 8, au awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, sawa na shilingi 3,000, au awe na wadhifa uliotajwa katika kanuni. Sheria haikumtaja mwanamke kwa ubaya. Haikuwa na haja ya kumtaja. Katika miaka hiyo wasichana waliofika darasa la 8 walikuwa wachache mno, kwa sababu shule zao zilikuwa chache na wengi waliishia darasa la 4 au hawakuanza kabisa. Kipato cha muuza vitumbua hakikuandikwa katika daftari lolote ambalo ofisa wa serikali angelikubali. Na wadhifa ulikuwa wa machifu, majumbe na wajumbe wa mabaraza, ambao karibu wote walikuwa wanaume.

Kwa hiyo katika nchi nzima waliojiandikisha walikuwa takriban watu 60,000. Wanawake waliouza kadi kwa maelfu walibaki nje ya foleni ya kura waliyoipigania. Hata hivyo hawakukaa nyumbani. Kazi ya kampeni ilikuwa kazi waliyoijua: kumtafuta mwenye sifa ya kupiga kura, kumsukuma akajiandikishe, kumweleza jinsi ya kuweka alama tatu bila kukosea, na siku ikifika kuhakikisha ametoka nyumbani. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na TANU pamoja na wagombea ilioungana nao wakashinda. Chama cha United Tanganyika Party, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za gavana, kikasambaratika.

Katika ushindi huo waliingia barazani wanawake waliopigiwa kura, na hali zao zinaeleza mengi. Sophia Mustafa alishinda kiti cha Waasia katika Jimbo la Kaskazini. Alizaliwa India, akakulia Nairobi, akaishi Arusha na mumewe aliyekuwa wakili, na mwaka 1961 akachapisha kitabu The Tanganyika Way akieleza aliyoyaona katika harakati hizo. Lady Marion Chesham, Mmarekani kwa kuzaliwa na mjane wa mwungwana wa Kiingereza, alishinda kiti cha Wazungu katika Nyanda za Juu Kusini. Barbro Johansson, mmisionari wa Kiswidi aliyefundisha wasichana Kashasha, Bukoba, naye akaingia akiungwa mkono na TANU. Wote watatu walisimama upande wa uhuru kwa moyo, na nchi haina sababu ya kuwasahau. Lakini kiti cha Mwafrika kilihitaji mtu mwenye elimu ya kusoma sheria za Kiingereza barazani, na mfumo uliowanyima wasichana wa Kiafrika shule ulikuwa umeshaamua mapema nani angefaa. Wanawake wa lelemama waliwapigania wenzao wa rangi nyingine, wakashangilia ushindi wao, huku wengi wao wakiwa hawakuruhusiwa kuutia muhuri kwa mkono wao.

Ng'ambo ya maji, Unguja na Pemba, kizuizi kilikuwa cha wazi zaidi. Katika uchaguzi wa Julai 1957, wa kwanza visiwani, wanaume peke yao ndio waliopiga kura. Wanawake hawakulinyamazia jambo hilo. Vyama vilikuwa vimeshaona jinsi walivyojaza mikutano, na hakuna chama kilichotaka kumwachia mpinzani wake nusu ya nchi. Sheria ikabadilishwa, na katika uchaguzi wa Januari 1961 wanawake wa Zanzibar waliotimiza masharti wakasimama kwenye foleni kwa mara ya kwanza. Pande zote mbili za bahari somo lilikuwa moja: wanawake walipewa kura baada ya kuonekana kwamba siasa haiwezi kwenda bila wao.

Tanganyika nayo ikalegeza masharti. Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 ilitosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha pauni 75. Daftari likapanda kutoka watu 60,000 hadi zaidi ya 880,000. Madarasa ya kisomo yaliyokuwa yakiendeshwa mitaani yalipata maana mpya, maana mama aliyejifunza kuandika jina lake alikuwa amejinunulia kura. Ila wengi walioandikishwa hawakupata kuitumia mwaka huo: kati ya viti 71, wagombea 58 wa TANU walipita bila kupingwa. Kwa wapigakura hao karatasi ya kwanza ilikuwa ile ya Novemba 1962, Nyerere aliposhindana na Mtemvu kuwania urais, au ya 1965, chini ya chama kimoja, wakati raia yeyote mtu mzima alipochagua kati ya wagombea wawili waliotambulishwa kwa alama za jembe na nyumba. Alama hizo mbili zilikuwa na manufaa makubwa kwa mwanamke asiyesoma, kwani hakuhitaji kumwomba mtu amsomee majina.

Bungeni, na nje ya Bunge

Uhuru ulipokaribia, Bibi Titi aliingia Bungeni akiwakilisha Rufiji. Lucy Lameck, aliyezaliwa Moshi mwaka 1934 na kusomea uuguzi kabla ya kwenda Ruskin College, Oxford, na kisha Marekani, aliteuliwa mwaka 1960, na mwaka 1962 akawa Waziri Mdogo. Wawili hao walitoka njia tofauti. Mmoja alikuja kutoka mtaani akiwa na sauti na watu nyuma yake. Mwingine alikuja kutoka shuleni akiwa na vyeti na kalamu. Kwa miaka michache nchi iliwatumia wote wawili.

Mwaka 1962 ulikuwa kilele. Julai 31 wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam wakaasisi jumuiya yao ya bara zima, na hadi leo tarehe hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Wanawake wa Afrika. Mwaka huo huo tawi la wanawake la TANU na Baraza la Wanawake la Tanganyika viliunganishwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wa kwanza. Umoja huo ulikuwa na wanachama kila wilaya, na ulifundisha kisomo, afya, ushonaji na malezi.

Kuna jambo lililopotea katika muungano huo, na halisemwi vya kutosha. Kabla ya Uhuru, wanawake waliingia chamani wakiwa na vikundi vyao. Chama kiliwahitaji, na wao walikuwa na mahali pa kurudi endapo kingewaudhi. Baada ya 1962 mambo yaligeuka. Jumuiya ya wanawake ikawa ya chama, uongozi wake ukapata baraka kutoka juu, na kazi yake kubwa ikawa kufikisha kwa wanawake yale yaliyoamuliwa na chama. Ngoma zilibaki, lakini zikawa za kupokelea wageni uwanja wa ndege. Waliowahi kuwa chimbuko la siasa wakafanywa hadhira yake. Sidhani kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga hivyo kwa nia mbaya. Chama kimoja kilikusanya kila kitu mikononi mwake, vyama vya wafanyakazi na ushirika vikiwamo, na wanawake hawakuachwa. Lakini matokeo yaliwagusa wao kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hawakuwa na ngome nyingine.

Kisa cha Bibi Titi mwenyewe kinaonyesha hali hiyo. Katika uchaguzi wa 1965 alipoteza kiti chake cha Rufiji. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni, au nyumba za kupangisha, naye akajiuzulu kutoka Kamati Kuu ya TANU. Nia ya sharti lile ilikuwa njema: kiongozi asiishi kwa jasho la wengine. Kwa mwanamme mwenye cheo na mshahara, kuachana na nyumba ya pili kulikuwa kupunguza mali. Kwa mwanamke wa mjini asiye na vyeti, chumba cha kupangisha kilikuwa mshahara wake, pensheni yake na kinga yake siku akiachika au kufiwa. Ndicho kilichompa uhuru wa kuingia siasa pale karani alipoogopa. Kipimo kilikuwa kimoja kwa wote, lakini hakikuwakuta wote wamesimama mahali pamoja.

Oktoba 1969 alikamatwa, na mwaka 1970 akafikishwa mahakamani pamoja na wenzake kwa tuhuma za uhaini katika kesi ambayo Oscar Kambona, aliyewahi kuwa waziri, alishitakiwa akiwa ughaibuni. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani na kuingia ukimya uliodumu karibu miaka 20. Jina lake lilitoweka katika vitabu vya shule na katika hotuba za sikukuu. Kizazi kizima cha wasichana kilisoma historia ya Uhuru bila kukutana na mwanamke hata mmoja mwenye jina. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya Uhuru, alianza kutajwa tena kwa heshima hadharani. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam sasa inaitwa kwa jina lake, na ni haki yake. Ila ndani ya lile pengo la miaka 20 kuna wenzake wengi wa Bomba na vikundi vingine waliozeeka na kufariki kabla mtu hajawauliza walichokifanya.

Viti vilivyotengwa

Miaka ya chama kimoja haikuwa bure kwa wanawake. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka utaratibu mmoja kwa ndoa za dini zote na za mila, na kumtambua mke kuwa na haki katika mali ya ndoa. Kisomo cha watu wazima kilifundisha mamilioni. Wanawake walianza kushika ukuu wa wilaya na mikoa. Mwaka 1975 aliingia Bungeni kijana Anna Makinda, ambaye miaka 35 baadaye angekuwa Spika wa kwanza mwanamke. Gertrude Mongella, aliyelelewa katika siasa za miaka hiyo, aliongoza maandalizi ya mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995 akiwa Katibu Mkuu wake, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Lakini majimboni wanawake waliendelea kuwa wa kuhesabika kwa vidole. Ndipo viti maalumu vikaja: 15 mwaka 1985 kupitia UWT, kisha, mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, vikagawanywa kwa vyama kufuatana na matokeo ya uchaguzi. Kiwango kikapanda kutoka asilimia 15 mwaka 1995 hadi 30 kufikia 2005, na baada ya uchaguzi wa 2015 viti hivyo vilikuwa 113. Bila hivyo Bunge lingebaki la wanaume. Samia Suluhu Hassan mwenyewe aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa njia hiyo. Mwaka 2010 akachaguliwa jimbo la Makunduchi, mwaka 2015 akawa Makamu wa Rais, na tarehe 19 Machi 2021, baada ya kifo cha Rais John Magufuli, akaapishwa kuwa Rais. Mlango huo umefungua njia, na asemaye haukufaa hajatazama.

Hata hivyo mlango huo una dari. Mbunge wa viti maalumu hachaguliwi na wananchi wa jimbo. Orodha inapangwa na chama, na yule anayepanga orodha ndiye anayetakiwa kuridhishwa. Katiba inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo, kwa hiyo wabunge hao zaidi ya 100 hawawezi hata kufikiriwa kwa wadhifa huo. Mitaani wanasikia wakiambiwa kwamba wamepewa, ingawa wengi wao hufanya kazi katika eneo pana kuliko jimbo la mbunge yeyote.

Palikuwa na jaribio moja la kurudisha kile kilichokuwapo kabla ya 1962. Katikati ya miaka ya 1990 wanawake walianzisha Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, likiongozwa na Anna Tibaijuka, wakitaka chombo cha wanawake kisicho cha chama chochote. Kabla ya uchaguzi wa 1995 baraza hilo liliwahimiza wanawake wawapime wagombea kwa yale watakayowatendea: maji, afya, ardhi, mirathi, shule. Ni maswali ya kawaida ambayo mpigakura yeyote huuliza. Mwaka 1997 serikali ililifutia usajili, na mgogoro ukaishia Mahakama Kuu ukadumu humo kwa miaka. Serikali ilisema baraza lilikuwa linafanya kazi ya chama cha siasa. Ukweli ni kwamba lilikuwa linafanya kazi ambayo vikundi vya lelemama viliifanya mwaka 1955 na TANU ikaifurahia: kuwakusanya wanawake wenye mahitaji yao wenyewe na kuwafanya wawe nguvu ambayo mwanasiasa lazima aiendee.

Hapo ndipo nadhani mizani ya historia hii ilipo. Wanawake wa Tanganyika walikuwa na uzito mkubwa zaidi katika siasa wakati hawakuwa na kura wala kiti, kwa sababu walikuwa na jumuiya walizozianzisha, walizozilipia ada na kuziongoza wenyewe. Kura ilikuja kama deni lililolipwa kwa kuchelewa, na viti vikaja baadaye zaidi. Vyote viwili ni vya lazima, na hakuna anayestahili kuwarudisha wanawake nyuma ya pale walipofika. Lakini kiti hutolewa na anayepanga orodha, na kura hupigwa siku moja kwa miaka 5. Katikati ya siku hizo mwanamke anahitaji chombo chake cha kusimamia, kisichoweza kuvunjwa na yule kinayemuuliza maswali. Leo vikoba, vyama vya akina mama sokoni na vikundi vya kuzikana vimejaa nchi nzima, vina viongozi, ada na daftari la fedha. Atakayewafikia wanawake hao kwa heshima, akawakuta kama watu waliokwisha kujipanga badala ya kuwahesabu kama umati wa kujaza uwanja, atakuwa amesoma vizuri yaliyotokea Dar es Salaam mwaka 1955. Na wanawake wenyewe wakiyasoma, hawatasubiri mgeni aje kuuliza wako wapi.